Reli ya chini kwa chini: watoro walipoitwa nyama ya nguruwe

Tarehe 31 Mei 1856, Joseph Bustill wa mji wa Harrisburg, Pennsylvania, alimpelekea William Still wa Philadelphia ujumbe wa mstari mmoja: nimetuma kupitia saa nane mapaja manne makubwa ya nguruwe na mawili madogo. Mtu wa kando akiusoma ataona biashara ya nyama. Still, Mmarekani mweusi mwenzake, aliona watu wazima wanne na watoto wawili waliotoroka utumwa, wako njiani, kawapokee.

Neno lililofanya kazi kubwa zaidi humo wala si "mapaja", ni "kupitia". Kupitia wapi? Bustill hasemi, sentensi imekaa kama iliyokatwa katikati. Still alielewa kwamba hawakupanda treni ya siku zote, wamezungushwa njia ya mji wa Reading, kwa hiyo watashukia stesheni nyingine. Waliokuwa wakiwawinda walikwenda kuvizia pale walipopazoea. Wakati huo Still alikuwa na wageni wake kwenye ile nyingine.

Bustill na Still walikuwa katika mtandao wa siri wa kuwasaidia watoro, ambao kwa Kiingereza uliitwa Underground Railroad, na wengi huutafsiri "reli ya chini ya ardhi". Tafsiri hiyo inapotosha. Hapakuwa na handaki wala mataruma. Watu walitembea usiku porini, walivuka mito, walifichwa chini ya mizigo ya mikokoteni, na mara mojamoja, kama hao wa Harrisburg, walipanda treni za kweli. Mimi nasema reli ya chini kwa chini, kwa maana ile ile tunayoitumia tukisema mambo fulani yanakwenda chini kwa chini.

Jina lilishika miaka ya 1830 na 1840, treni zilipokuwa jambo jipya Marekani na kila mtu akizizungumzia. Msamiati ukafuata. Aliyewaongoza watoro alikuwa kondakta, nyumba ya kujificha ilikuwa stesheni, mwenye nyumba mkuu wa stesheni, na watoro wenyewe walikuwa abiria, au vifurushi, au bidhaa. (Mtoro kwetu leo ni mwanafunzi asiyeingia darasani; zamani huku pwani neno hilo hilo lilikuwa la mtumwa aliyekimbia.) Kanada, ambako utumwa ulifutwa pamoja na makoloni mengine ya Uingereza kuanzia 1834, iliitwa Kanaani.

Kiswahili kinasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua. Hawa walikuwa wakiwafumbia werevu, watu wenye uwezo wa kufungua barua zao, na sheria ya 1850 ilimtishia anayemsaidia mtoro kwa faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Ndiyo maana fumbo lao halikutakiwa hata kuonekana kuwa ni fumbo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Harriet Tubman. Alitoroka Maryland mwaka 1849, kisha akarudi mara 13 hivi kuwatoa watu wapatao 70. Desemba 1854 alisikia kwamba kaka zake watauzwa mara tu baada ya Krismasi. Hakujua kusoma wala kuandika, akamwomba mtu amwandikie barua kwenda kwa Jacob Jackson, mtu mweusi huru aliyejua kusoma. Barua ilijifanya imetoka kwa mtoto wa kulea wa Jackson aliyehamia kaskazini: wasomee wazee barua yangu, na waambie ndugu zangu wakeshe wakiomba, jahazi la Sayuni likifika wawe tayari kupanda.

Wakubwa wa posta waliifungua, wakaisoma, wakatatizika, maana kijana huyo hakuwa na wazazi wala ndugu. Wakamwita Jackson. Akaitazama, akasema haiwezi kuwa yake, haina kichwa wala miguu, akawarudishia. Kisha akaenda moja kwa moja kuwaambia kaka zake Harriet kwamba dada yao anakuja.

Walijificha kwenye ghala la mahindi karibu na nyumba ya wazazi wao. Baba, mzee Ben Ross, aliwaletea chakula bila kuwatazama. Walipoondoka aliwasindikiza akiwa amejifunga kitambaa machoni, wanawe wamemshika huku na huku. Alipoulizwa baadaye akajibu hajawaona, na hakusema uongo. Mama hakuambiwa kabisa. Waliogopa atapiga kelele.

Nyimbo nazo zilitumika. Tubman mwenyewe alisimulia kwamba wimbo mmoja uliwaambia waliojificha watoke, na mwingine uliwaambia wabaki kwa kuwa kuna hatari. Lakini ule wimbo maarufu wa kibuyu, yaani kundi la nyota linaloonyesha kaskazini, unaosemwa ulikuwa ramani ya nyota, ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1928, na wanahistoria wengi wana shaka nao. Vivyo hivyo hadithi ya mablanketi ya viraka yaliyoanikwa ili kuonyesha njia, iliyoenea kutokana na kitabu cha 1999. Sisi tuliozoea kanga kusema tunaikubali haraka mno.

Adui mkubwa wa siri hii alikuwa sifa. Frederick Douglass, aliyetoroka mwaka 1838, alilalamika katika kitabu chake cha 1845 kwamba wapo waungaji mkono wanaotangaza mno hadi reli imekuwa ya juu badala ya chini. Miaka minne baadaye mtumwa Henry Brown alijipakia kwenye sanduku huko Richmond, akasafirishwa kama bidhaa kwa saa 27 hadi Philadelphia. Wapokeaji waligonga mfuniko wakauliza kama ni salama, sauti ikajibu kutoka ndani kuwa ni salama. Habari ikavuma. Samuel Smith, aliyelipigilia misumari sanduku lile, alijaribu tena na watu wengine, akakamatwa, akafungwa.

Still ndiye aliyekwenda kinyume na kanuni ya kutoandika. Agosti 1850 aliingia ofisini kwake mtu mzima anayetafuta jamaa zake, akataja majina ya wazazi. Yalikuwa ya wazazi wa Still mwenyewe. Mtu yule alikuwa Peter, kaka yake, aliyebaki utumwani kabla William hajazaliwa. Basi Still akawa anaandika kila abiria: jina la zamani, jina jipya, ametoka kwa bwana gani, amemwacha nani nyuma. Daftari hizo alizificha kwenye jengo la makaburi ya Lebanon pale Philadelphia. Mwaka 1872 alizitoa kama kitabu, na humo ndimo yalimo mapaja sita ya Bustill.