Je, wajua estrioli ya mama mjamzito hutoka wapi?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: kwenye ovari zake. Estrioli ni estrojeni, homoni ya kike, na imo kwenye damu ya mama. Nikaona hakuna cha kuuliza zaidi. Mwaka 1930, mwanabiokemia Guy Marrian aliitenga jijini London kutoka kwenye mkojo wa wajawazito, na hilo nalo lilinizidishia imani kwamba ni mali ya mama. Nilikosea. Mimba inapokaribia kutimiza miezi, takriban asilimia 90 ya estrioli hiyo imetokana na malighafi ya mtoto aliye tumboni. Hata akiwa wa kiume.

Kondo la nyuma ndilo linalomalizia kazi, lakini peke yake haliwezi. Fikiria fundi mwenye cherehani nzuri na uzi wa kutosha, ila hana mkasi. Kondo hugeuza kolesteroli ya mama kuwa projesteroni, homoni nyingine ya ujauzito, kisha linakwama, kwa sababu halina kimeng'enya (protini inayoendesha mageuzi ya kikemikali) cha mkato unaofuata. Mkasi anao mtoto. Tezi zake za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, hukata kitambaa, yaani malighafi ya homoni, na kukifunga kwa salfeti, kemikali yenye salfa, ili kisafiri kwenye damu kikiwa kimetulia. Ini lake hutoboa tundu la kifungo. Kondo hufungua kifurushi, hushona, na estrioli huingia kwa mama.

Nje ya ujauzito, homoni hii hutumika kama krimu ya ukeni kwa wanawake waliokoma hedhi. Hupunguza ukavu, na utafiti wa mwaka 1993 ulionyesha kwamba hupunguza pia maambukizi ya mkojo yanayojirudia, kwani hurudisha bakteria rafiki wanaotunza asidi ya uke. Ni estrojeni dhaifu, ila udhaifu huo si kibali cha kuitumia bila daktari, hasa kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Kwa wajawazito, kiwango chake hupimwa pamoja na vipimo vingine vya damu kati ya wiki ya 15 na ya 20, kutafuta dalili za hali kama sindromu ya Down, ya mtoto mwenye kromosomu ya ziada. Kikiwa chini, ni sababu ya kuchunguza zaidi tu. Kuna watoto wa kiume ambao kondo lao halina kimeng'enya cha kufungua ile salfeti: estrioli ya mama hushuka mno, na mtoto, ambaye mara nyingi ni mzima kwa mengine, huzaliwa na ngozi ambayo baadaye hukauka na kufanya magamba.