Bunduki ya gumegume iliyogeuzwa kuwa ya fataki haikuharibiwa

Mwezi huu mteja wa tatu ameniletea bunduki ndefu ya Pennsylvania, ya kuwindia ya Marekani ya zamani, akitaka niirudishie mtambo wa gumegume, yaani jiwe linalotoa cheche za kuwasha baruti, kwa kuwa ameambiwa kwamba iliyogeuzwa kuwa ya fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye unga wa kulipuka kinachopigwa na nyundo, ni bunduki iliyoharibiwa. Hakuna dhana inayonichosha kama hii.

Bunduki hizo ziligeuzwa kwa sababu wenyewe walikuwa bado wanawinda nazo. Fundi aliondoa kisahani cha baruti pamoja na bamba lililogongwa na gumegume, akakaza silinda ndogo yenye kifa (kichomozo kinachovishwa fataki) pale palipokuwa na tundu la moto ubavuni mwa kasiba, yaani mtutu, kisha akaweka nyundo ya kupiga fataki. Hii niliyoletewa ina matundu ya skrubu yaliyozibwa kwenye bamba la mtambo, na ubao uliopakana na kifa umeliwa na moshi mkali wa fataki za miaka mingi. Hayo ndiyo maisha yake. Anayeng'oa silinda hiyo na kubandika mtambo uliotengenezwa juzi anafuta kazi ya fundi wa karne ya 19, na anaacha kitu ambacho mnunuzi mjuzi atakitilia shaka na asiyejua atauziwa kama cha asili. Maghala ya silaha ya Marekani yaligeuza kwa njia kama hizo bunduki nyingi za jeshi za muundo wa 1816, na Ufaransa ikageuza zile za muundo wa 1822, wala sijasikia mtu akisema kuwa majeshi hayo yaliharibu silaha zao.

Wengine hudhani kwamba fataki iliongeza nguvu ya risasi. Kasiba ni ileile, baruti ni ileile na risasi ni ileile. Kilichobadilika hasa ni uhakika wa kuwaka. Katika majaribio ya Woolwich, Uingereza, mwaka 1834, bunduki za gumegume zilikataa kuwaka mara 922 katika milio 6,000, na za fataki mara 36 tu katika idadi hiyohiyo.

Si kweli pia kwamba kasisi Alexander Forsyth wa Uskoti ndiye aliyebuni kikofia cha shaba tunachokiita fataki. Hataza yake ya 1807 ilihusu unga wa kulipuka uliotiwa kwenye kijichupa. Vikofia vilienea katika miaka ya 1820.

Na yule anayesema kwamba bunduki iliyodumu miaka 180 haiwezi kushindwa kustahimili mlio mmoja zaidi, asije kuufyatua mbele yangu, kwa maana hajui hali ya nyuzi za skrubu zinazoshika silinda ile ndani ya chuma. Mimi, kabla ya yote, huingiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, kasibani na kupima ulivyozama, kwa sababu bunduki nyingine hufika mezani kwangu zikiwa bado zimeshindiliwa baruti na risasi.