Dhana potofu kuhusu maneno ya Kiingereza cha zamani

Waumini wengi wanaosali kwa Kiingereza humwita Mungu "Thou" na "Thee", yaani "wewe" ya zamani, wakiamini kuwa hayo ni maneno ya heshima kuu. Dhana hii imeota mizizi kuliko zote, na ukweli wake ni kinyume kabisa. Katika Kiingereza cha miaka ya 1500 na 1600, aliyeitwa "thou" ni mtu mmoja uliyemzoea: mtoto, mtumishi, mpenzi, au hata mtu uliyekusudia kumdharau. Mkubwa aliitwa "you", ambalo kiasili ni neno la wingi. Msomaji wa Bujumbura au Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa anaujua utaratibu huo, kwa kuwa "tu" na "vous" hufanya kazi ileile mpaka leo.

Neno hilo dogo liliwatia watu matatani. Quaker wa karne ya 17, yaani dhehebu la Kikristo la Friends lililoanzishwa na George Fox, walimwambia kila mtu "thou", awe hakimu au tajiri, kwa sababu waliamini binadamu wote ni sawa mbele za Mungu. Walitukanwa na kupigwa kwa ajili hiyo. Waumini wa Friends walio wengi magharibi mwa Kenya, ambako misheni ya Kaimosi ilifunguliwa mwaka 1902, ni warithi wa watu hao.

Sasa kwa nini Biblia ya King James ya mwaka 1611 imejaa "thou"? Ni suala la sarufi tu. Kiebrania na Kigiriki hutofautisha mtu mmoja na watu wengi, na watafsiri wakafuata: mmoja ni "thou" (akitendewa, "thee"), wengi ni "ye" (wakitendewa, "you"), bila kujali cheo. Ushahidi uko kwenye Mathayo 4:10, pale Yesu anapomfukuza Shetani: "Get thee hence". Hakuna heshima hapo. Tena angalia Luka 22:31-32, mahali ambapo Kiingereza cha leo kinapoteza kitu na Kiswahili kinakihifadhi: "Shetani amewataka ninyi", kisha "nimekuombea wewe". Wanaotakiwa na Shetani ni mitume wote. Anayeombewa ni Simoni peke yake. King James inaonyesha tofauti hiyo kwa "you" na "thee". Tafsiri nyingi za Kiingereza za siku hizi zinaandika "you" kote, na msomaji asiyeambiwa hawezi kujua.

Dhana ya pili, ambayo mimi naiona ya hatari zaidi, ni kwamba maneno magumu ndiyo yanayopotosha. Neno usilolijua halikupotoshi, maana utalitafuta kwenye kamusi. Linalopotosha ni lile unalodhani unalijua. Chukua "meat". Mwaka 1611 lilimaanisha chakula cha aina yoyote, na ndiyo sababu katika Mwanzo 1:29 mimea na matunda yanaitwa "meat". Kwenye Mambo ya Walawi 2 kuna "meat offering", na mtu anaweza kuhubiri kutwa nzima juu ya nyama ilhali sadaka yenyewe ni unga mwembamba, mafuta na ubani. Biblia yetu ya Kiswahili imeandika wazi: sadaka ya unga. Vivyo hivyo "prevent" katika 1 Wathesalonike 4:15 si kuzuia, ni kutangulia. Na "let" katika 2 Wathesalonike 2:7 si kuruhusu, ni kuzuia! Maana hiyo bado ipo kwenye pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", na kwenye tenisi, pale mpira wa kuanzishia unapogusa wavu na kurudiwa.

Kwa Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa zama hizo, kosa maarufu ni la "wherefore" katika "Romeo and Juliet". Wengi hudhani Juliet anauliza Romeo yuko wapi. Anauliza kwa nini yeye ni Romeo, kwa nini azaliwe katika ukoo ambao ni adui wa ukoo wake. Soma mistari inayofuata uone kama hazungumzii jina tupu.

Wengine huiita lugha hiyo ya Shakespeare Kiingereza cha Kale. Sivyo. Kiingereza cha Kale hasa, kile cha utenzi wa Beowulf, kilikwisha karne nyingi kabla yake, na Mwingereza wa leo hawezi kukisoma bila kukisomea.

Halafu kuna "Ye Olde" kwenye vibao vya maduka na baa. Hiyo "Ye" hutamkwa "the". Kiingereza kilikuwa na herufi yake ya sauti "th", iliyoitwa thorn. Katika mwandiko wa mkono ilifikia kufanana na y, na herufi za chapa zilizotoka Ulaya bara hazikuwa nayo, basi wachapaji wakaweka y mahali pake.

Kuhusu kamusi zenyewe, Samuel Johnson hakuwa wa kwanza kutunga kamusi ya Kiingereza, kama wengi wanavyodhani. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1755, lakini Robert Cawdrey alikwishatoa yake mwaka 1604, yenye maneno kama 2,500. Pia si kweli kwamba neno likifa hufutwa. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa mafungu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, huyaacha maneno yaliyokufa mahali pake na kuyawekea alama. Kosa linalofuata hapo ni kudhani maana inayoandikwa kwanza ndiyo sahihi. Kamusi hiyo hupanga maana kuanzia ya zamani kuja ya sasa, kwa hiyo chini ya "nice" utakutana kwanza na maana ya mpumbavu, kutokana na neno la Kilatini la asiyejua. Maana hiyo ilikwisha zamani. Unachotakiwa kutazama ni miaka iliyoandikwa kwenye mifano ya matumizi chini ya kila maana: ukisoma maandishi ya 1611, tafuta maana ambayo mifano yake inaangukia kipindi hicho.