Maswali na majibu kuhusu ngozi: tyubu ya kemisti inayoficha ugonjwa

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa mara kwa mara katika chumba cha wagonjwa wa nje hapa Kisumu. Wengi wanaoyauliza huwa wamekwisha kupitia kwa kemisti, kwa jirani na sokoni kabla ya kunifikia, na wanapofika, ugonjwa ambao ungetibiwa kwa wiki chache huwa umeenea mwili mzima.

Daktari, nitajuaje ngozi yangu ni ya aina gani?

Osha uso kwa sabuni isiyo kali, ukaushe kwa taulo safi, kisha usipake chochote kwa muda wa saa moja. Uso ukimeremeta kote, ngozi yako ni ya mafuta. Ukimeremeta kwenye paji, pua na kidevu pekee, ni ya mchanganyiko. Ukihisi unakaza au ukitoa ungaunga mweupe, ni kavu. Ngozi nyeti ni ile inayowasha au kuchoma karibu kila unapojaribu kitu kipya. Aina hizi hubadilika kadiri umri unavyosonga na hali ya hewa inavyogeuka: mtu aliyezoea joto na unyevu wa ufuoni mwa Ziwa Victoria akihamia Nakuru, mji ulio juu zaidi na wenye baridi, huanza kupauka miguu ambayo haikuwa ikipauka awali. Weusi au weupe wa ngozi ni jambo jingine kabisa, na wala si kasoro ya kutibiwa.

Basi niitunze vipi?

Kwa vitu vichache. Mwenye ngozi ya mafuta anawe uso mara mbili kwa siku na kupaka losheni nyepesi, kwa kuwa kuusugua uso mara tano kwa siku huukera tu na kuongeza chunusi. Mwenye ngozi kavu aoge kwa maji ya vuguvugu bila kukawia, kisha ajipake mafuta mazito, hata jeli ya petroli ya bei nafuu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mwenye ngozi nyeti aepuke mafuta yenye manukato. Sabuni ya kufulia nguo ibaki ya kufulia nguo. Ninaomba sana wazazi waache kuwaogesha watoto wenye pumu ya ngozi kwa sabuni hiyo.

Nikiwashwa na vipele, je, kuna ubaya kununua ile krimu yenye dawa tatu ndani ya tyubu moja?

Kuna ubaya, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Krimu hizo kwa kawaida huwa na dawa ya kuua kuvu, dawa ya kuua bakteria, na steroidi kali kama betamethasone au clobetasol. Steroidi ni dawa nzuri inapotumiwa kwa ugonjwa unaoihitaji, kwa kiasi kilichopimwa na kwa siku zilizohesabiwa. Clobetasol, kwa mfano, haipaswi kupita wiki mbili mfululizo bila mtaalamu kukuangalia. Kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili mahali ilipopakwa, na ndiyo sababu mwasho hukoma haraka. Kama kilichokuwa kinakuwasha ni kuvu, askari waliokuwa wakipigana nacho umewalaza, na kuvu hicho kinaendelea kutambaa bila kizuizi.

Lakini mimi ilinisaidia. Kwa siku tatu mwasho uliisha kabisa.

Hapana, haikukuponya. Ilinyamazisha mwasho. Ninalirudia jibu hili kila wiki kwa watu wazima wenye akili timamu ambao wametumia tyubu baada ya tyubu, kila moja ikiwapa nafuu fupi kuliko iliyotangulia, nao wanachukulia nafuu hiyo kuwa ushahidi kwamba dawa ni yenyewe. Choa, ambacho wengi hapa huita mashilingi, kwa kawaida huwa baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pakionekana kama pamepona. Ukilipaka steroidi, ukingo hufifia, magamba hupungua, na baka hupanuka polepole hadi lisitambulike. Ndipo unaponiletea tumbo na mapaja yaliyojaa mabaka yasiyo na umbo, nami inanilazimu kukwangua ngozi na kuomba ipimwe kwa darubini, ilhali mwanzoni ningeutambua ugonjwa huo kwa macho. Choa cha mwilini kilichowahiwa hutibiwa kwa krimu ya kawaida ya kuua kuvu, kama clotrimazole isiyochanganywa na steroidi, ikipakwa mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, bila kuiacha siku mabaka yanapopotea machoni.

Na je, nikiipaka usoni kidogo tu?

Usoni ndiko hatari yake inakoongezeka, kwa kuwa ngozi ya huko ni nyembamba na hufyonza dawa zaidi. Baada ya wiki au miezi ngozi huzidi kuwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, chunusi hufumuka, na dawa ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho au kuongeza shinikizo ndani ya jicho. Siku unapoiacha, uso huwaka, hubadilika rangi na kuwasha, basi unairudia, na huo ndio mtego wenyewe. Usipake. Usimpake mtoto mchanga mahali panapofungwa nepi, kwa sababu nepi huongeza kiasi kinachopenya mwilini. Usipake kwa kuwa dada yako alipaka akapona. Hukuona ugonjwa wake ulikuwa upi.

Mwanangu ana mashilingi kichwani. Nimpake nini?

Mlete. Choa cha kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa sababu kuvu hukaa ndani ya unywele ambako krimu haifiki. Kumnyoa pekee hakumponyi, na mashine ya kinyozi isiyosafishwa huwapelekea wenzake kuvu hicho.

Krimu za kung'arisha uso zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo ni salama?

La. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni (kemikali ya kufifisha weusi wa ngozi), lakini vikopo vinaendelea kuuzwa, na vingi vinavyochanganywa kienyeji huwekwa steroidi ileile niliyoieleza. Zebaki huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hidrokwinoni ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu huacha weusi wa kibuluu mashavuni usiotoka kwa urahisi, yaani mtu anapata hasa kile alichokuwa akikikimbia. Akina mama wanaobeba watoto wachanga kifuani baada ya kujipaka vitu hivi, ninawasihi waache leo.

Chunusi je, na madoa meusi yanayobaki?

Usizikamue, kwa kuwa kwenye ngozi yetu nyeusi kila jeraha dogo huacha doa linalokaa miezi. Benzoyl peroxide ya nguvu ndogo husaidia wengi, lakini matokeo huhitaji wiki sita hadi nane, na anayebadilisha dawa kila Ijumaa hatayaona. Madoa yenyewe hufifia taratibu ukiyakinga na jua.

Kwani ngozi nyeusi inahitaji kukingwa na jua?

Inahitaji, ingawa si kwa kiwango kimoja na nyeupe. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Kofia pana na mikono mirefu vinatosha kwa wengi. Mwenye madoa aongeze krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) ya 30 au zaidi. Kwa mtu mwenye ualbino kinga hiyo ni ya kila siku bila kukosa, na kidonda chake kisichopona ndani ya mwezi kichunguzwe.

Tunajikuna nyumba nzima, hasa usiku.

Huo huenda ni upele, unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi, na vipele vyake hupenda kukaa katikati ya vidole, viwikoni na kiunoni. Nyote mtibiwe siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na matandiko yafuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Dawa ya kupaka ya benzyl benzoate hupunguzwa makali kwa watoto wadogo, hivyo usikadirie mwenyewe. Mwasho waweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya vijidudu kufa, nao si sababu ya kujipaka dawa upya kila usiku. Hapa pia, ile krimu yenye steroidi huficha dalili huku vijidudu vikizaana.

Ni lini nisingoje?

Malengelenge yenye maumivu yakitokea upande mmoja wa mwili kama mkanda, njoo ndani ya saa 72, kwa kuwa huo ndio wakati dawa hufanya kazi vizuri; njoo pia uwe tayari kupimwa VVU. Ngozi ikivimba, ikawa moto na ukawa na homa, njoo siku hiyohiyo. Ngozi ikianza kubabuka na vidonda kutokea mdomoni au machoni baada ya kuanza dawa mpya, acha dawa hiyo na uende hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Baka lisilohisi chochote ukiligusa, nalo lichunguzwe mapema, hata kama halikuumi.

Nimetumia krimu hizo kwa miezi. Nije vipi?

Njoo na tyubu na vikopo vyote, hata vile ambavyo lebo imechanwa, na useme ukweli kuhusu muda uliovitumia, hakuna atakayekugombeza. Kama ulijipaka mwili mzima kwa miezi mingi, usiache kwa ghafla kabla ya kuonana nasi, kwa kuwa mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na tutakupangia namna ya kupunguza kidogo kidogo. Kama ni baka moja ulilolipaka kwa siku chache, acha kulipaka leo na uje wiki hii, bila kupaka chochote kingine juu yake, ili kipimo cha magamba kitoe jibu sahihi.