Kabla ya kukata rufaa ya alama za Kiingereza, kagua vitenzi vyako

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha usahihishaji yanaongezeka, na mengi yanafanana. Mtahiniwa ametumia msamiati mzito, amejaza kurasa, na bado sehemu ya kuandika imempa daraja la chini kuliko alilotarajia. Tunayasoma yote kwa nia njema. Ila tukirudi kwenye karatasi yenyewe, mara nyingi mstari wa pili tu unasema "He did not went."

Sentensi hiyo imebeba wakati uliopita mara mbili. "Did" ikishaubeba, kitenzi kikuu hurudi kwenye umbo lake la asili: "He did not go." Kwenye swali ni vivyo hivyo: "Did he go?"

Makosa mengi tunayokutana nayo si ya uvivu. Yanatokana na mantiki ya Kiswahili, ambayo kwenye Kiswahili haina tatizo lolote. "Nimemwona jana" husemwa kila siku na hakuna anayeshtuka. "I have seen him yesterday" ni kosa, kwa sababu umbo hilo la Kiingereza halikubali kutajiwa wakati uliokwisha pita, ukitaja jana, andika "I saw him yesterday." Kiambishi "-na-" nacho kinatuponza. Kinatumika kwenye "anasoma" na kwenye "anajua" bila kubagua, basi mtu anaandika "She is reading" kisha anaendelea na "She is knowing." Vitenzi vya hali kama "know", "believe", "own" na "belong" havichukui "-ing" kwa namna hiyo. Ni "She knows."

Nomino zisizohesabika zinatuchosha kuliko zote. Kwetu "vifaa" ni wingi, na "samani" au "mizigo" havimsumbui mtu, kwa hiyo mwandishi anaona ni haki yake kuandika "equipments", "furnitures" na "luggages". Maneno hayo hayachukui "s", wala "information" na "advice". Ukitaka kuhesabu, tumia "two pieces of equipment."

Kuna pia "Although he was sick, but he came." Nyuma yake inasikika "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja." Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu: ondoa "but", au ondoa "although". Na "discuss about" haihitaji "about". Katika mazungumzo, anayeulizwa "Didn't you receive the letter?" hujibu "Yes" akimaanisha "Ndiyo, sikupokea", na msikilizaji anaelewa kuwa barua ilifika. Jibu lake lingekuwa "No, I didn't."

Sasa niseme waziwazi kuhusu barua za aina nyingine. Tafadhali msituandikie kwamba sentensi iliyoishia na kihusishi, yaani neno kama "in" au "with", ni kosa tulilolifumbia macho. Katazo hilo linafuatiliwa hadi kwa mshairi John Dryden, mwaka 1672, na Waingereza wenyewe hawajawahi kuacha kusema "the house I live in." Sentensi kama hiyo haikatwi alama. Vilevile "a university" ni sahihi na "an hour" ni sahihi, kwa kuwa kinachoangaliwa ni sauti inayoanza, si herufi. Tumekwisha kueleza jambo hili mara nyingi mno.

Kuhusu alama, nichukue IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, ambao vigezo vyake viko wazi kwa umma. Madaraja yanaanzia 0 hadi 9. Kila kazi ya kuandika hupimwa kwa vigezo 4 vyenye uzito sawa, na sarufi ni kimojawapo. Msamiati ni kingine, kwa hiyo hauwezi kulipa deni la sarufi. Daraja la 6 linamtambua anayechanganya sentensi sahili na changamano, huku makosa yake yakizuia maana kwa nadra. Kwa daraja la 7, sentensi zisizo na kosa lolote ziwe zinajitokeza mara kwa mara. Kwa daraja la 8, ziwe ndizo nyingi. Basi "-s" ya "she goes" ikisahaulika kila aya, inachafua sentensi ambazo vinginevyo zingekuwa safi. Na anayekwepa makosa kwa kuandika sentensi fupifupi tupu naye hapandi, maana upana wa miundo pia unapimwa.

Asiyeridhika anaweza kuomba matokeo yakaguliwe upya ndani ya wiki 6 tangu siku ya mtihani, kupitia kituo alikofanyia. Anachagua sehemu moja au zaidi, kisha analipa ada, ambayo hurudishwa alama ikipanda. Kama una nakala ya mazoezi uliyoandika siku za karibuni, ichukue kabla ya kulipa, pigia mstari kila kitenzi, na uulize mambo mawili tu: nani anatenda, na lini.