Muziki, mahali na jicho la mpiga picha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Msukumo wa ubunifu hauandaliwi, huja wenyewe.

Muziki una mpangilio wake, na mpiga picha anayeujua ndiye wengine humwona kabahatika. Chukua taarabu ya Unguja. Anayetuza hainuki ovyo. Hungoja ubeti unaomgusa, ndipo husogea mbele akicheza, noti mkononi. Sikiliza nyimbo za kikundi siku chache kabla ya onyesho, ujue kiitikio kinarudi wapi, nawe utakuwa umeshasimama ubavuni mwa jukwaa kabla mtuzaji wa kwanza hajainuka. Usikae mbele katikati: hapo utapata migongo tu, na mwimbaji atakuwa amezibwa.

Dhana: Picha ni bubu, haiwezi kubeba mdundo.

Mdundo ni muda, na kamera kazi yake ni kukata muda. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hupiga mara moja kila nusu sekunde. Kwa shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/4 ya sekunde umebeba nusu ya pigo zima, na mkono wa mpiga dumbaki utaacha ukungu. Kwa 1/250 mkono huohuo kwa kawaida utaganda. Upinde wa fidla husita kidogo unapogeuza mwelekeo, na hapo 1/60 inatosha. Katikati ya mvuto, kasi hiyohiyo itauvuruga.

Wengi hukosea kwa kushika kamera mkononi kwa 1/4, kila kitu kikatikisika. Ukungu huwa na maana pale tu penye kitu kilichotulia kando yake. Tumia stendi, au egemea nguzo, ili wapigaji waliokaa watoke wazi huku mikono yao ikienda.

Taa nazo zina mdundo wao. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500 chini yake, picha hutoka na mistari ya giza, au moja ya njano na inayofuata ya kijani. Shuka hadi 1/100 au 1/50, na uzime shata ya kielektroniki.

Dhana: Muziki masikioni hukusaidia kuona vizuri zaidi mtaani.

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, kona hazionyeshi kinachokuja. Kengele ya baiskeli, honi ya vespa na vishindo vya viatu hufika kabla ya mtu mwenyewe, na sekunde hizo chache ndizo za kuinua kamera. Sikiliza muziki kabla ya kutoka.

Wakati wa kuchagua picha pia uzime. Wimbo wa huzuni huiazima picha huzuni isiyo yake, na mtazamaji hatausikia wimbo huo.

Dhana: Saa ya dhahabu, yaani ule mwanga laini wa jua likiwa chini, ni saa nzima.

Kanuni hii imetoka nchi za mbali na ikweta. Zanzibar, nyuzi 6 kusini, jua huzama karibu wima, nyuzi 1 kila dakika 4. Nyuzi 6 za mwisho, zenye ule mwanga mwekundu, huisha kwa dakika 25 hivi. London mwezi Juni huchukua karibu mara mbili ya muda huo. Ukitaka machweo ya Forodhani, fika mapema na kamera iwe imeshapangwa.

Dhana: Lazima usafiri mbali ili upate mawazo mapya.

Mpiga picha Malick Sidibé alikuwa na studio mtaa wa Bagadadji, Bamako, nchini Mali. Miaka ya 1960 alikwenda usiku kwenye dansi za vijana, akarudi kusafisha filamu, akabandika picha ndogo nje ya studio ili wachezaji wachague za kununua. Muziki aliujua, na wachezaji aliwajua. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu, tuzo ya kazi ya maisha yake yote, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, mpiga picha wa kwanza kupata heshima hiyo.

Basi rudia kichochoro kimoja: asubuhi, adhuhuri, alasiri. Kuta za chokaa huidanganya kamera ikazitoa kijivu, kwa hiyo ongeza mwanga kwa stopu 1, yaani mara mbili. Mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba jua hupita utosini Unguja, likafika chini kabisa hata kwenye njia nyembamba. Mwezi Machi litafute mnamo saa 6:35 mchana. Oktoba, saa 6:10.