"Nitaongeza bidii" haitoshi

Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha hisabati, kila niliporudisha kazi niliwaomba wanafunzi waandike mistari mitatu chini ya alama zao: umejifunza nini, na safari ijayo utafanya nini. Niliamini kwamba nawafundisha kutafakari. Jioni moja nikakaa na rundo zima la madaftari nikasoma mistari hiyo tu, daftari baada ya daftari. Karibu wote walikuwa wameandika neno lilelile: "Nitaongeza bidii." Baadhi waliongeza, "na umakini." Aliyeongoza darasa aliandika hivyo, na aliyeshika mkia naye aliandika hivyohivyo.

Wanafunzi wale hawakuwa wavivu wa kufikiri. Nilikuwa nimewauliza swali ambalo jibu lake la adabu walilijua tangu siku ya kwanza kuingia shule, nao wakanipa nilichokitaka. "Nitaongeza bidii" ni ahadi, na mara nyingi ni namna ya kuomba radhi. Ukiisoma hujui kama aliyeiandika alikosea kujumlisha, hakulielewa swali, au muda ulimwishia akiwa katikati.

Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na walimu wenzangu na kutazama pamoja nao namna wanafunzi wanavyojitazama baada ya kumaliza kazi. Nikiulizwa jambo moja la kuanza nalo, nasema hili: swali la tafakuri liwe na mahali. Mwanafunzi aweze kuweka kidole kwenye karatasi yake na kusema, ni hapa.

Nieleze kwa mfano. Mwanafunzi mmoja alitakiwa kufungua mabano ya (x + 3)², akaandika x² + 9. Nilipomuuliza kilichotokea, alijibu upesi, "Sikuwa makini, Mwalimu." Nikamwomba tuuache umakini kwanza, aweke kidole pale anapodhani hesabu ilianza kupinda. Akakiweka kwenye mstari wa pili. Nikamuuliza, "Ulipofika hapa ulikuwa unajiambia nini?"

Akanyamaza. Nikamwacha anyamaze, maana ukimwahi mwanafunzi hapo unamnyang'anya kazi yake. Mwishowe akasema, "Nilijiambia kile kipeo kinaingia ndani ya mabano, kinamgusa kila mmoja. Kama ile mbili ya 2(x + 3)."

Kumbe alikuwa na kanuni! Kanuni ya kweli kabisa, aliyoielewa vizuri katika kuzidisha, akaihamishia mahali isipofanya kazi. Nikampa namba moja tu ajaribu: x iwe 1. Upande mmoja akapata 4 mara 4, yaani 16. Upande wa pili, 1 na 9, akapata 10. Akaitazama karatasi kwa muda, kisha akaandika kwa maneno yake: "Nilidhani kipeo kinasambaa kwenye kujumlisha kama kuzidisha kunavyosambaa. Nitajaribu na namba kabla ya kuendelea."

Sasa fikiria bidii ingemsaidia nini. Angeongeza bidii, angekipandisha kila kimoja kwenye kipeo cha pili kwa uangalifu mkubwa, na angepata x² + 9 kila mara, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi kutenganisha makosa yao kabla ya kuahidi chochote. Kuna kuteleza: unajua, lakini mkono umeandika kingine. Kuna kuelewa vingine, kama yule wa mabano. Kuna kutojua kabisa. Na kuna kutoelewa swali lenyewe, ambako kwenye insha na masomo ya jamii nakuona mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuteleza si kuanguka, wahenga walisema, na dawa yake ni kupitia kazi tena kabla ya kuikabidhi. Aliyeelewa vingine hahitaji kupitia tena, kwa sababu akipitia ataona yuko sawa. Anahitaji mfano unaoipinga kanuni yake. Asiyejua kabisa anahitaji kufundishwa, na hilo ni deni la mwalimu.

Kwenye uandishi maswali hubadilika sura, ila mahali panabaki. Nauliza: ni sentensi gani uliiandika mara mbili au tatu ndipo ukaridhika, na ya kwanza ilikuwaje? Ungelazimishwa kufuta aya moja, ungefuta ipi? Ni wapi ulikwama, na ulifanya nini kujikwamua? Hili la mwisho nalipenda sana, kwa kuwa linatoa mambo ambayo mwalimu hawezi kuyaona kwenye karatasi iliyokamilika. Mwanafunzi mmoja aliniandikia kwamba alikwama kwenye utangulizi kwa saa nzima, akauruka, akaandika katikati kwanza, kisha akarudi. Alikuwa amegundua mbinu wanayoitumia waandishi wengi, na asingeulizwa angeisahau kesho yake.

Tafadhali, waulizwe pia kuhusu walichopata. Tumezoea kuyafukua makosa tu. Swali "Ulijuaje kuwa hili ni sahihi?" huwafichua waliobahatisha, na huwapa wengine maneno ya kuielezea mbinu yao ili waitumie tena mahali pengine. John Flavell, mwanasaikolojia wa Marekani, ndiye aliyelieneza katika miaka ya 1970 jina la kitaalamu la jambo hili, metakognisheni: mtu kuyajua mawazo yake mwenyewe na kuyaongoza. Mwenye uwezo huo hushika usukani hata mwalimu asipokuwepo.

Kwa nini nasisitiza mahali na ushahidi kiasi hiki? Kwa sababu hisia ya "nimeelewa" hudanganya. Watafiti wa saikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hili vizuri mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi wa chuo lilisoma kifungu katika vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma katika kipindi kimoja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika lililokumbuka bila kutazama. Walipoulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani baadaye, waliosoma kwa kurudia ndio waliojiamini zaidi. Baada ya wiki moja wao walikumbuka takriban asilimia 40, na wale waliojipima asilimia 61. Kwa hiyo ukimuuliza mwanafunzi "Unajionaje kwenye mada hii?" utapata habari za hisia zake, na hisia hizo huenda zimetokana na kusoma ukurasa uleule mpaka ukazoeleka machoni. Muulize badala yake alichoweza kuandika daftari likiwa limefungwa.

Jambo la pili ni wakati. Alama ikishaonekana, masikio huziba. Nimeshuhudia mara nyingi: karatasi zinarudi, kila mmoja anatafuta namba, anachungulia ya jirani, kisha karatasi inakunjwa. Maoni niliyoyaandika kwa saa mbili hayasomwi. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti aliowafanyia wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli. Baadhi walipewa maoni tu, baadhi alama tu, na baadhi vyote viwili. Waliopewa maoni tu ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye kazi zilizofuata. Kilichowashangaza walimu wengi ni kwamba kuongeza alama juu ya maoni kulizima faida ya maoni.

Shule nyingi haziruhusu kuacha kutoa alama, nami sishauri mtu agombane na mkuu wake. Nachofanya ni kuchelewesha. Siku ya kwanza kazi inarudi na maoni bila namba. Wanafunzi wanasoma, wanaweka kidole, wanaandika. Alama zinakuja kipindi kinachofuata. Mara nyingine nawaomba tafakuri hata kabla sijasahihisha, wakiwa ndio kwanza wameweka kalamu chini: ni swali gani una uhakika nalo zaidi, na lipi una shaka nalo zaidi? Kazi ikirudi wanalinganisha. Aliyekuwa na uhakika wa asilimia mia na akakosa anashtuka kweli, na mshtuko huo hauna aibu ndani yake, kwa kuwa kipimo alijiwekea mwenyewe.

Jambo la tatu ndilo tunalolisahau kuliko yote, nalo ni kurudisha. Mwanafunzi anaandika tafakuri nzuri leo, mwalimu anaisoma, anatabasamu, anaiweka kabatini. Wiki tatu baadaye kazi mpya inatolewa na hakuna anayekumbuka chochote. Marsha Lovett wa Carnegie Mellon University, chuo kikuu cha Marekani, alilitafutia hili utaratibu ambao vyuo vingi vimeuiga: mtihani unarudi na karatasi fupi yenye maswali ya namna ulivyojiandaa, aina ya makosa uliyofanya, na utakachobadilisha kwenye maandalizi yajayo. Karatasi zinakusanywa, halafu mwanafunzi anarudishiwa ya kwake pale mtihani mwingine unapokaribia. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito wote. Mimi hutumia vikaratasi vya ukubwa wa kiganja, kila darasa na bahasha yake, na siku ya kutoa zoezi jipya vinagawiwa kwanza.

Walimu huniuliza kama tafakuri isahihishwe kwa alama. Hapana. Siku utakapoipa alama, "Nitaongeza bidii" itarudi, safari hii ikiwa imevaa maneno marefu. Isome, ijibu kwa sentensi moja, basi. Wala isifanywe kwa kila kazi. Ukiidai kila siku inageuka kuwa sala ya kukariri. Kwangu mimi mara moja kwa wiki mbili, dakika tano au saba, inatosha.

Wapo wasioweza kuandika kwa ufasaha, hasa wadogo. Hao waongee. Mpange na jirani yake, kila mmoja aonyeshe mahali pamoja kwenye kazi yake na kueleza alichokuwa akiwaza. Na yule aliyeanguka vibaya usimwite mbele ya wenzake ajieleze. Kaa naye pembeni, anza na swali alilolipata, hata kama ni moja, na umuulize alilipataje. Wengi wao hawajawahi kuulizwa hivyo.

Yule mwanafunzi wa mabano alirudishiwa kikaratasi chake baada ya mwezi hivi, siku nilipotoa zoezi lililokuwa na (2a − 5)². Nilipokuwa nasahihisha niliona pembeni ya swali hilo ameandika kwa penseli, herufi ndogo sana: "a ni 1, napata 9." Chini ya jibu lake, 4a² − 20a + 25, kulikuwa na mstari mwingine wa penseli: 4 − 20 + 25 = 9. Kisha ameuzungushia duara.